Mheshimiwa, Sabuni na Ng'ombe wa Masanja

Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Upepo wa kipupwe umeshinda unapepeta vumbi, macho yananiwasha, na moyo wangu unagonga kama injini ya lori linalopanda Kitonga kwa gia ya kwanza.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nje ya nyumba ya watu, kitongoji kimoja kati ya Mikumi na Kilosa. Jina lake silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Simu hii ninayoandikia ndiyo hiyo hiyo itakayoleta jibu, kwa hiyo kila nikimaliza sentensi nakodolea kioo. Jibu likija zuri, rafiki yangu Masanja anaoa. Likija baya, hakuna harusi, na wa kulaumiwa ni mimi.

Mimi na kamera yangu.

Wiki nzima nimekuwa nikiahidi humu kwamba leo nitawaandikia ulinganisho wa kamera mbili, maana wengi mmeniuliza mnunue ipi mkitaka kuanza kazi ya picha. Niliahidi kuandika kitaalamu, na mezani, na chai ya maziwa pembeni. Sikujua kwamba nitalinganisha nikiwa nakimbia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Shebby, mpiga picha wa Mikumi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini dunia nimeisoma kwa matairi. Enzi za utingo nimelala Tunduma, nimekula ugali Ndola, nimebishana na askari wa mpaka kule Kasumbalesa kwa Kifaransa ambacho hata yeye hakukijua. Hakuna harusi ya maana kati ya Mikumi na Chanzuru ambayo sijaipiga. Kama ipo, basi nendeni mkaulize, ndoa yenyewe haikudumu.

Sasa kamera. Ya kwanza ni mirrorless yangu. Ndani haina kile kioo cha kamera za zamani, ndiyo maana ikaitwa hivyo, na lenzi unaifungua unaweka nyingine. Katika ukoo wa mirrorless hii ni ya kuanzia, kitinda mimba, lakini hapa kwetu nani anajua? Nikiivalisha lenzi ndefu watu wananyoosha migongo. Nimeipa jina Mheshimiwa, kwa sababu akifika mahali watu wanasimama.

Ya pili ni ya mke wangu, Mama Nuru. Kamera bapa ya mfukoni, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Ukiiwasha lenzi inachomoza, ukiizima inarudi ndani kama kichwa cha kobe. Anapigia picha madera anayouza kwenye magrupu. Naiita Sabuni, na mwenyewe anajua naiita hivyo, na hajafurahi.

Nimeitukana sana ile kamera. Nimesema mbele za watu kwamba ni ya kupigia picha watoto wakipoteza meno.

Na Mheshimiwa nilimsifu mpaka basi. Mwezi uliopita nilishuka naye Munisagara, nilikuwa nakwenda kumpiga bibi harusi tu. Kabla sijafika kwenye shughuli, mama mmoja mtu mzima alishatoa wajukuu wote nje, akawapanga mbele ya nyumba, na yeye akasimama katikati ameshika mfuniko wa sufuria kifuani. Alidhani watu wa tathmini ya njia ya reli, wanaoandika nyumba za kubomolewa, wamerudi, maana wale humpiga mtu picha mbele ya nyumba yake ameshika kibao cha namba. Nilimpiga hivyo hivyo na mfuniko wake, nikacheka njia nzima. Niliona ni sifa, kamera yangu kuogopwa kiasi kile.

Leo sicheki.

Masanja ni Msukuma. Wazazi wake walihamia huku na mifugo yao yeye akiwa bado mdogo, tumejuana mnadani, na ni mtu ambaye ukimwambia una shida anakuja kabla hujamaliza kuieleza. Anataka kumuoa Kabula, binti wa Mzee Luhende, nao ni Wasukuma wenzake walioweka makazi upande wa Malinyi, mbali huko baada ya Ifakara. Kwao mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawatajwi kwa mdomo tu, wanatazamwa. Upande wa binti hutuma watu, wanaingia zizini, wanashika pembe, wanafunua midomo, wanamkataa huyu wanamchukua yule, na siku nzima inaisha hapo.

Safari hii Mzee Luhende mguu unamsumbua na vijana wake wako kwenye mavuno ya mpunga. Akasema: nitumieni picha, ng'ombe mmoja mmoja, niwatazame kabla hawajapakiwa kwenye lori. Akaongeza jambo moja. Kesho Jumapili kuna wageni wengine watapiga hodi kwake kwa ajili ya binti huyo huyo. Kama mpaka jua linazama leo hajawaona ng'ombe wa Masanja, atawasikiliza hao.

Mtasema si wangepiga na simu. Simu ya Masanja ni ya tochi. Hii yangu kioo cha kamera kilipasuka nilipoiangusha stendi, picha zinatoka kama umechungulia kwenye uji. Basi akaitwa fundi.

Na fundi akajipamba. Nilivaa kizibao changu cha kaki chenye mifuko mingi, cha mtumba lakini utadhani nimeshonewa. Nikaning'iniza shingoni beji niliyopewa kwenye semina moja Morogoro, picha yangu ipo, jina lipo. Mheshimiwa kifuani na lenzi ndefu. Mama Nuru akanitazama kuanzia viatu.

"Baba Nuru, unakwenda kupiga ng'ombe au kukagua mradi?"

Nikamwambia hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mbabaishaji. Akanisukumia Sabuni mfukoni mwa suruali, eti nikimaliza nifike Kilosa nimtafutie betri, ya kwake inakufa haraka. Nikaichukua ili yaishe.

Asubuhi nilifika hapa nikamwamkia Mzee Maduhu, baba yake Masanja, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama lenzi. Ng'ombe wa mahari walikuwa hawapo. Walikuwa wametengwa na wenzao tangu jana, na Jilala, mdogo wake Mzee Maduhu, alikuwa amewapeleka kunywa maji. Zizini alibaki mtamba mmoja anayechechemea. Nikasema sawa, tuanze na huyo wakati tunawasubiri wengine.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mimi nikipiga vitu vingi huwa navipa namba nisije nikavichanganya. Nikachana boksi, nikaandika namba kwa makaa, nikampa Masanja ashike kando ya mtamba. Halafu nikapaza sauti, maana fundi lazima asikike: "Mwenye mali asimame kushoto! Namba ionekane! Haya, anayefuata!"

Anayefuata hakuwepo. Ni mazoea tu ya mdomo.

Picha ikatoka, jamani, na hapa mtaniwia radhi nijisifu kidogo. Mheshimiwa ukimfungua lenzi yote anamshika unayemtaka na kumfuta kila aliye nyuma yake. Pembe zilikuwa zinang'aa, kope za yule mtamba unazihesabu, nyuma kote kumekuwa laini kama maziwa. Masanja na boksi lake nilimkata, alikuwa anaharibu mpangilio. Mheshimiwa hana haja ya waya. Nikaivuta picha mpaka kwenye simu, nikamtumia Mzee Luhende, nikakunja mikono kusubiri sifa.

Badala ya sifa nikamwona jirani wa ng'ambo. Alikuwa anakamua. Alisimama na kindoo mkononi akatutazama: mimi, kizibao, lenzi, boksi lenye namba. Akaweka kindoo chini taratibu. Halafu akafungua zizi lake.

Dakika chache baadaye vumbi lilikuwa linapanda pale kwake, kisha zizi la pili yake, kisha kule mbali kwenye miti. Simu ya Mzee Maduhu ikaita, ni mfugaji mwenzake, nayo sauti yake unaisikia hata ukiwa mbali.

"Wameanza kwako?"

"Nani?"

"Hao wa kamera! Wana gari? Wako wangapi?"

"Ni huyu Mswahili wa Mikumi, anapiga picha za..."

Ikakatika. Mzee Maduhu akampigia Jilala. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Masanja ndiye aliyenieleza. Kwa wafugaji wa hapa, mtu mwenye kaki, beji na kamera kubwa, anayewapa ng'ombe namba mmoja mmoja, ni mtu wa aina moja tu: ametumwa kuhesabu mifugo ili ipunguzwe. Baba yake mdogo Jilala aliwahi kukamatiwa ng'ombe kule walikotoka, na siku ile ilianza hivi hivi, kwa picha. Sasa bila shaka ameshapigiwa simu na majirani, amezima yake, na amewageuza ng'ombe wa mahari kuelekea porini. Na pori la upande ule linaishia kwenye mpaka wa hifadhi. Ng'ombe wakivuka zile bikoni, nguzo za zege za mpaka, wakakutwa ndani, wanakamatwa wote. Mahari na Kabula vinakwenda pamoja.

 

Wakati huo huo simu yangu ikalia. Mzee Luhende, kwa ujumbe wa sauti, taratibu kama mtu anayekata nyama: "Picha nimeiona. Huyu ng'ombe mmemtoa kwenye kalenda. Nyuma yake hakuna zizi, hakuna mti, hakuna mtu, kuna ukungu mtupu. Mimi siozeshi binti kwa ng'ombe wa kalenda. Nataka ng'ombe waliosimama kwenye mavi yao. Jua lisizame."

Yaani picha bora niliyopiga mwaka huu mzima, mwenyewe ameikataa kwa sababu ni nzuri.

Mzee Maduhu hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu. Nikamvua Mheshimiwa shingoni mwangu, nikampa. Akamzungusha kwenye blanketi, akaingia naye ndani, akatoka mikono mitupu. "Liko chini ya kitanda. Litatoka ng'ombe wakirudi."

Tukapanda pikipiki, Masanja mbele mimi nyuma. Nyayo za ng'ombe zilikata mashamba yaliyokwisha kuvunwa, zikaingia vichakani, tukazipoteza na kuzitafuta tena mpaka alasiri. Masanja alikuwa anaendesha huku ameinama. Mimi ambaye nikipanda pikipiki nasema mpaka dereva anaomba nishuke, safari hii nilikuwa nakodolea nyayo tu.

Kuna mahali tulimkuta mzee mmoja na ng'ombe wake wachache. Umri wa baba yangu. Alipoona kizibao aliacha ng'ombe, akaacha na fimbo, akakimbia. Viatu vyake vya matairi vilikuwa vinapiga kelele, kimoja kikamvuka, hakurudi kukichukua.

Nimewahi kukimbizwa. Lubumbashi nimekimbizwa, Tunduma nimekimbizwa na mwenye nyumba ya wageni. Lakini mimi kukimbiwa, tena na mtu mzima, sikuwahi.

Jilala tulimkuta kwenye bonde la kijito, matete yamemfunika mpaka mabegani, ng'ombe wamejibana nyuma yake. Kutoka pale tulikuwa tunaiona bikoni, nyeupe, karibu kabisa. Ng'ombe wawili walikuwa wameshapita mbele yake, wanakula majani upande usiotakiwa. Na kwa mbali, sijui wapi, kulikuwa na mlio wa gari, huenda la askari wa hifadhi.

Aliponiona akainua fimbo. Si ya kutishia. Ile ya kupiga.

Masanja akaruka kati yetu wakaanza Kisukuma, cha haraka, nikashika maneno mawili tu, ng'ombe na kamera. Nikaona maneno hayatoshi. Nikavua beji, nikavua kizibao, nikavikunja nikavikalia. Nilibaki na fulana ya ndani ambayo Mama Nuru aliniambia tangu Ramadhani niitupe, ina tundu ubavuni. Mbele ya mwanaume mwenye fimbo, ukiwa na fulana yenye tundu, hata ungekuwa umefika Ulaya unajiona mdogo.

"Kamera iko wapi?" Jilala akaniuliza kwa Kiswahili.

"Iko kwa kaka yako, chini ya kitanda."

"Na hiyo mfukoni?"

Nikaitoa Sabuni. Nikaiwasha, lenzi ikachomoza na kale kamlio kake. Akasogea, akaitazama, akanitazama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu. Anapigia madera."

Akashusha fimbo. Akachekea puani, kile kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia. "Serikali gani itakuja na kitu cha namna hii?"

Wale wawili wakarudishwa kwa miluzi na mawe madogo. Gari sijui lilielekea wapi, mlio ukafifia. Jua lilishaanza kulala na nyumbani ni mbali kwa mwendo wa ng'ombe. Nikamwambia Masanja tukisubiri mpaka zizini tumechelewa. Tupige hapa hapa wakivuka kijito, kivuko ni chembamba, wanapita mmoja mmoja wenyewe, bila namba, bila mtu kupiga kelele.

Hapo sasa nikagundua sijui kuitumia kamera ya mke wangu. Nilipopiga ya kwanza fleshi ikamulika, ng'ombe wa mbele akarudi kinyumenyume, karibu wote wageuke. Menyu yake ni ya lugha ya wenyewe huko ilikotengenezwa, maandishi kama vijiti vya kiberiti. Nikapanda kichuguu kutafuta mtandao.

"Mama Nuru, Sabuni naizimaje fleshi?"

Akaniuliza: "Mheshimiwa yuko wapi?"

"Yuko rumande. Nitakueleza. Fleshi!"

"Bonyeza kulia mpaka alama ya radi ipigwe mstari. Na usiibonyeze ovyo, betri hiyo haina siku."

"Ahsante mama."

"Na usimsogelee ng'ombe kwa nyuma, nakujua."

Nikashuka. Sasa sikilizeni wanunuzi, huu ndio ulinganisho wenyewe, nimeufanya nikiwa na tope magotini. Sabuni haivuti mbali, lazima uwe karibu na ng'ombe mpaka unasikia pumzi yake. Ukibonyeza inafikiri kwanza, kwa hiyo unabonyeza kabla jambo halijatokea. Kioo chake juani huoni kitu, unapiga kwa imani. Mheshimiwa angemaliza kazi ile akiwa amesimama juu kavu kabisa, na kila ng'ombe angekuwa malkia. Lakini Mheshimiwa angekuwa pale, Jilala asingekuwa pale.

Ng'ombe walinipita kama mimi ni kisiki. Nilikuwa namuona kila mmoja anayepita ni kama mlango unaofunguka, huku alama ya betri imeshaanza kuwaka nyekundu.

Karibu na mwisho ndama mmoja aliteleza akazama kwenye tope pembeni ya kivuko. Masanja akaingia, sikumtazama, nilikuwa nahangaika na mweusi mwenye nyota usoni aliyekuwa anapita wakati huo. Nikabonyeza. Sabuni ikafikiri. Ikapiga. Ikazima.

Walibaki wachache hawajapigwa. Nikaitoa betri, nikaiweka kwapani, utundu niliojifunza kwa fundi simu mmoja Ndola, betri ikipata joto inakupa pumzi za mwisho. Nikasimama pale kwapa limebana kama mtu anayepimwa homa, Jilala akiwazuia ng'ombe kwa mkono na kunitazama kama kichaa. Nikairudisha. Ikawaka. Tukamaliza wale waliobaki, wa mwisho amekatwa mkia kwenye picha lakini yupo. Halafu Sabuni ikarudisha kichwa ndani na haijawaka tena mpaka sasa.

Tulitangulia na pikipiki, Jilala akifuata na ng'ombe, tukafika hapa jua likiwa bado juu kidogo. Kadi nikaichomeka kwenye simu kwa kile kisomeo kidogo, maana Sabuni mambo ya bila waya haiyajui, na picha zikaenda moja moja.

Nimezitazama upya. Kitaalamu ni mbovu. Mbingu nyeupe pe, rangi zimepauka, kila kitu kinaonekana sawa sawa kuanzia pua ya ng'ombe mpaka vilima vya kule nyuma, hakuna kilichofutwa. Nzi wanaonekana. Mavi yanaonekana.

Zimeshafika kwake. Zimeshafunguliwa. Hakuna jibu.

Masanja amekaa chini, miguu ina tope lililokauka, anamenya ukucha. Mama yake anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Mzee Maduhu amesimama ananitazama mimi, si simu. Hakuna anayenilaumu kwa mdomo, na hilo ndilo linalonichoma, afadhali wangenitukana nikajibu. Kujibu najua.

Nafikiria ile picha ya asubuhi. Nilimfuta jirani aliyesimama na kindoo. Nilimfuta Masanja mwenyewe, mwenye harusi. Nilikuwa nataka ng'ombe na jina langu pembeni.

Subirini. Imelia.

Nimeiweka sauti kubwa, wote wamesogea. Nimeisikiliza na sasa naandika kama ilivyokuwa.

"Ng'ombe nimewaona," Mzee Luhende anasema. "Yule mwenye baka jeupe tumboni amekonda, mbadilisheni. Wengine sina neno." Kuku anasikika kwao. "Sasa kuna kitu nauliza. Nyuma ya yule mweusi mwenye nyota, kuna kijana yuko kwenye tope mpaka kiunoni amemkumbatia ndama. Huyo ni mchungaji mliyemwajiri, au ndiye mwenyewe?"

Tukaitafuta picha, tukaikuza. Yupo. Kwenye pembe ya juu, mdogo, lakini anaonekana mpaka meno yalivyouma mdomo. Sikujua nimempiga.

Mzee Maduhu akaichukua simu, akaishika karibu na midomo kama anayekula hindi la kuchoma, na akasema maneno mawili tu: "Ndiye mwenyewe."

Tukasubiri. Mimi ambaye nasali nikikumbuka, nilisoma kila nilichojaliwa kukikumbuka kutoka madrasa.

Jibu likaja fupi. "Basi wageni wa kesho nitawapa chakula, wale, waende zao."

Masanja amelala chali juu ya vumbi, anatazama juu. Mama yake akaanza kigelegele. Mzee Maduhu akamkatiza hapo hapo kwa mkono.

"Nyamaza. Watu bado wako porini."

Na ni kweli. Zizi la jirani wa ng'ambo liko wazi, tupu. Kindoo chake cha maziwa kiko pale pale alipokiweka asubuhi. Mzee Maduhu amewapigia wote tangu turudi, simu zote zimezimwa, kwa sababu yangu. Jilala, aliyeingia na ng'ombe sasa hivi, amejifunga shuka kiunoni anakwenda kuwatafuta na Masanja, waliopo karibu na bikoni kwanza. Nikasimama niende nao. Jilala akaweka mkono kifuani kwangu, si kwa ubaya.

"Wewe kaa, Mswahili. Wakikuona watavuka."

Kwa hiyo nimekaa. Mheshimiwa nimerudishiwa, yuko hapa miguuni, bado kwenye blanketi, sina hamu ya kumfungua. Mama Nuru nimemwambia leo silali Mikumi.

Mzee Maduhu ameingia ndani kuzungumza na mke wake kuhusu harusi. Nimebaki peke yangu nje, nasikiliza upande wa porini. Wanasema ng'ombe wakirudi utasikia kwanza miluzi, halafu kwato.

Wakipita hapa mbele, nisimame niwape pole, au niingie ndani wasinione?